Je, Sura ya Mtoto ni Ushahidi juu ya Mama Yake?

Ndugu zetu wasomaji, liko jambo moja ambalo limezoeleka mno katika miji na vijiji vyetu vya Kitui na Makueni, hata watu hawalioni tena kuwa ni dhulma. Azaliwapo mtoto asiyefanana na baba yake, akawa mweupe kupita wazazi wake, au mweusi kuwashinda wote wawili, au akawa na ualbino, basi maneno huanza kabla kitovu chake hakijaanguka. Wa kwanza husema mama ametoka nje ya ndoa. Wa pili husema ni uchawi, ni uoi wa jirani mwenye husuda. Wa tatu, naye hujiona mcha Mungu kuliko wenzake, husema hiyo ni laana iliyoshuka juu ya nyumba ile kwa dhambi ya wazee. Wote watatu wamekwisha kuhukumu, wala hapana hata mmoja wao aliyeuliza.

Matokeo yake mnayajua. Mke hurudishwa kwao, mtoto mgongoni, bila ya kosa na bila ya shahidi. Mtoto hukua akiitwa majina, na baba yake yu hai katika mji wa pili. Na wazee waliokaa kikao wakanyamaza hujiona wameleta suluhu.

Yatupasa basi tujiulize masuala mawili. La kwanza: je, sura na rangi ya mtoto ni ushahidi juu ya mama yake? La pili, nalo ni kubwa zaidi: je, mtu hulaumiwa, au husifiwa, kwa kitu alichokirithi naye hakukichagua?

Na tuanze kwa ilimu ambayo watu wetu wanayo tayari mikononi mwao. Mfugaji wa Mutomo au wa Kibwezi anaye mbuzi jike mweupe aliyepandwa na beberu mweupe, na siku moja huzaliwa mtoto mweusi. Mfugaji hashangai. Husema: huyu amechukua kwa bibi yake. Mkulima naye anajua kwamba akinunua mbegu ya mahindi ya haibridi dukani, mwaka wa kwanza shamba hutoka sawasawa kama lililopimwa kwa kamba. Lakini akiweka mbegu ya mavuno yale akaipanda mvua ya pili, shamba hutoka mchanganyiko, huu mrefu na huu mfupi, huu una gunzi nene na huu gunzi dogo. Hakuna aliyeingia shambani kwake usiku. Ni sifa za mababu wa mbegu ile, zilizokuwa zimejificha mwaka wa kwanza, zimejitokeza mwaka wa pili. Ndiyo maana wataalamu wa kituo cha Katumani, karibu na Machakos, walipotengeneza mahindi ya nchi za mvua chache katika miaka ya 1960, walifanya mbegu ya mkusanyiko ambayo mkulima aweza kuiweka na kuipanda tena bila ya kuharibika upesi.

Ajabu basi ni hii: mtu humsamehe mbuzi wake, na huyafahamu mahindi yake, kisha akashindwa kumfahamu mkewe.

Aliyeipa ilimu hii hesabu ni mtawa mmoja wa Kikristo, Gregor Mendel, katika mji wa Brno, ulio sasa katika nchi ya Cheki. Tangu mwaka 1856 alipanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa kwa muda wa miaka minane hivi. Alichanganya njegere zenye punje laini za mviringo na zile zenye punje za makunyanzi. Kizazi cha kwanza zote zilitoka laini, kana kwamba makunyanzi yamekufa. Alipoziacha zile laini zizaane zenyewe kwa zenyewe, kizazi cha pili kilimpa punje laini 5,474 na za makunyanzi 1,850, yaani yapata tatu kwa moja. Makunyanzi hayakuwa yamekufa, bali yalikuwa yamefichika. Alichapisha khabari hizo mwaka 1866, wala watu hawakumjali mpaka mwaka 1900, naye alikuwa amekwisha kufa.

Akatambua kwamba kila sifa hubebwa na vitu viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na kwamba kimoja chaweza kutawala na cha pili kikanyamaza kimya, kisipotee. Vitu hivyo leo huitwa jeni.

Ama jeni zenyewe, makao yake ni haya. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo ndogo, zisizoonekana ila kwa hadubini. Ndani ya chembe mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu, nazo ni jozi 23: katika kila jozi, uzi mmoja umetoka kwa baba na mmoja kwa mama. Uzi huo umefanywa kwa kitu kiitwacho DNA, chenye umbo la ngazi iliyosokotwa. Umbo hilo lilibainishwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha za eksirei za Rosalind Franklin. Vidato vya ngazi hiyo vimeandikwa kwa herufi nne tu, na fungu moja la nyuzi 23 lina herufi yapata bilioni 3. Jeni ni sehemu ya maandiko hayo iliyo na agizo lake maalumu: hii yahusu rangi ya ngozi, hii yahusu damu, hii yahusu macho. Jeni za namna hiyo kwa mwanadamu ni yapata 20,000.

Mzazi hampi mtoto nyuzi zake zote 46. Humpa nusu, 23, na nusu hiyo huchanganywa upya kila mara. Kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja hawalingani. Na kwa hiyo mtoto aweza kutokea na pua ya babu wa mama yake, ambaye hata mama mwenyewe hakupata kumwona. Khasa rangi ya ngozi haiongozwi na jeni moja bali na nyingi kwa pamoja, na baba na mama wa rangi ya kati waweza kupata mtoto aliye mweupe kuwashinda au mweusi kuwashinda, kwa kuwa yeye amekusanya nusu ambazo wao walizigawana.

Na sasa tuje katika jambo la ualbino, ambalo ndilo linaloleta balaa kubwa majumbani. Wazee wetu wakiita uzeruzeru, nalo ni neno la dharau, lafaa kuachwa. Ngozi, nywele na macho hupata weusi wake kwa rangi iitwayo melanini. Ikiwa jeni moja katika zile zinazohusika na melanini imeharibika, na mwenzake ni nzima, ile nzima hutosha. Mtu huyo ni mweusi kama wenzake wala hana dalili yoyote. Mtoto hazaliwi na ualbino wa namna hii ila apokee jeni iliyoharibika kutoka kwa baba na nyingine iliyoharibika kutoka kwa mama. Ikiwa wazazi wote wawili wameibeba kwa siri, basi kila mimba ina fungu moja katika manne la kutoa mtoto mwenye ualbino. Wala si kwamba wakizaliwa watatu wasio nao ndipo lazima afuate wa nne mwenye nao. La, kila mimba ina bahati yake peke yake, kama mtu atiaye mkono mfukoni upya.

Ewe ndugu msomaji, izingatie hesabu hii. Lawama yote humwendea mama, na ilhali mama peke yake hawezi. Bila ya nusu ya baba, mtoto asingezaliwa hivyo. Na wale wanaonong'ona kwamba baba wa mtoto ni Mzungu wamekosa hata katika uzushi wao, kwani mtoto wa Mzungu na Mwafrika hutoka rangi ya maji ya kunde, wala haonekani kama mtoto mwenye ualbino.

Wataalamu walipochunguza jeni iitwayo OCA2, waliona kwamba watu wengi wenye ualbino kutoka Tanzania mpaka Afrika Kusini wamepungukiwa na kipande kile kile, chenye herufi yapata 2,700. Kuwa kipande ni kimoja katika nchi zilizo mbali mbali hivyo ni dalili kwamba kilianzia kwa mzee mmoja wa zamani sana, kikashuka kutoka mzazi hadi mtoto kwa vizazi visivyohesabika.

Na wabebaji si wachache. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu wenye ualbino 9,729 katika watu milioni 47.5, yaani yapata mmoja katika kila 4,900. Ukiifuata hesabu ya urithi kutoka hapo, wapata kwamba mtu mmoja katika kila 35 hivi ameibeba jeni hiyo bila ya kujua. Kitui na Makueni kwa pamoja zilikuwa na watu milioni 2.1 katika sensa hiyo. Na kama hali yao ni sawa na ya nchi nzima, wabebaji kwetu hawapungui elfu hamsini. Katika msikiti wenye watu sabini, wawili wamebeba, na pengine mmoja wao ni huyo anayemcheka mwenzake.

Mfano wa pili ni damu. Yatokea mume akaambiwa hospitali kwamba mtoto ni wa kundi la O, na yeye ni A, na mkewe ni B, akarudi nyumbani na talaka mdomoni. Naye hajui kwamba jeni ya O hunyamaza mbele ya A na mbele ya B. Baba wa A na mama wa B, ikiwa kila mmoja ameficha O, hupata mtoto wa O, wala hapana ajabu.

Ama yule anayesema ni laana, na aisikie khabari ya ugonjwa wa selimundu. Ni ugonjwa wa damu mzito, nao humpata aliyerithi jeni yake kwa wazazi wote wawili. Mwaka 1949 mwanafunzi wa utabibu aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikusanya damu za makabila mbali mbali ya nchi hii, akaona jeni hiyo ni nyingi pwani na kando ya ziwa Nyanza, na ni haba katika nchi za juu na kavu. Mwaka 1954 akaeleza sababu: aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Jeni ile ile ikiwa mbili ni maradhi, na ikiwa moja ni ngao. Nani basi mwenye kuthubutu kuiita laana?

Sasa tuitazame dini, ambayo wengi huifanya ngao ya ujinga wao. Katika sahihi mbili za Bukhari na Muslim imepokewa na Abu Huraira kwamba bedui mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akashitaki kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, na maana yake ilikuwa kumkana. Mtume hakumwita mke, wala hakutaka mashahidi. Alimuuliza mtu yule khabari ya ngamia wake na rangi zao. Akajibu kuwa ni wekundu. Akamuuliza kama hamna miongoni mwao wa rangi ya majivu. Akajibu kuwa wamo. Alipotakwa aseme wametoka wapi, bedui mwenyewe akatoa jawabu kwamba huenda ni asili ya zamani iliyowavuta. Ndipo Mtume akamjulisha kwamba huenda na mtoto wake naye amevutwa na asili kama hiyo. Hakumpa ruhusa ya kumkana.

Sisemi kwamba hadithi hii ilishuka kufundisha khabari za DNA. Wale wanaotafuta kila uvumbuzi wa maabara ndani ya maandiko hawayatukuzi maandiko. Ninalosema ni kwamba hii ni hukumu, na hukumu yake iko wazi: rangi si ushahidi. Bedui aliifahamu kwa ngamia. Mtu wa Mwingi hana udhuru wa kutoifahamu kwa mbuzi.

Atasema mtu: ikiwa macho hukosea, na DNA haikosei, basi kwa nini tusiwapime watoto wote tukaondoa shaka? Hili ni suala la maana, lastahili jawabu la uadilifu. Kweli kipimo cha DNA kina nguvu ambayo jicho halina. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii walikubali tangu zamani ilimu ya kutambua nasaba kwa viungo, kwa hoja ya kisa cha Zaid bin Haritha na mwanawe Usama, ambao rangi zao zilihitilafiana mpaka watu wakasema. Mtambuzi alipoiona miguu yao peke yake akathibitisha kuwa ni baba na mwana, Mtume alifurahi. Abu Hanifa yeye hakuikubali. Lakini tazama furaha ile ilikuwa ya nini: ilikuwa ya kuthibitisha nasaba iliyotiliwa shaka, wala si ya kuivunja iliyosimama.

Njia hiyo ndiyo iliyofuatwa na Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu lilipokutana Makka mwezi Januari 2002. Liliruhusu kipimo hicho pale palipo na mzozo wa mtoto asiyejulikana wake, watoto waliochanganyika hospitali, na waliopotea katika vita na maafa. Likakataza kukitumia kuipeleleza nasaba iliyokwisha kuthibiti kwa ndoa. Sababu yake si kuogopa ukweli. Mke aliyepimiwa mtoto kwa shaka tupu amekwisha kuhukumiwa kabla ya jawabu kuja. Na jawabu likimtakasa, nani atamrudishia heshima yake? Mume mwenye yakini ana njia yake katika sheria, mbele ya Kadhi, kwa viapo vizito ambavyo mwenye akili huvitetemekea. Asiye na yakini ila rangi ya mtoto, huyo hana kitu.

Tunarudi sasa kwa suala letu la pili. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na wengine hudhani ilimu ya jeni imelitia muhuri neno hilo. Sivyo. Nyoka huzaa nyoka kwa umbo, lakini mwanadamu hahesabiwi kwa umbo lake. Kinachorithiwa ni mwili, na pengine wepesi wa hasira au upole wa tabia. Lakini kusema kweli, kulipa deni, kumrehemu aliye dhaifu, haya hufunzwa na huchaguliwa. Mwizi haachiwi kwa kusema babu yake alikuwa mwizi. Basi vipi mtoto aadhibiwe kwa jeni ambayo babu yake hakujua kwamba anayo? Dhambi ni tendo. Rangi si tendo.

Na kama jeni haimwaibishi mtu, vivyo hivyo haimtukuzi. Hili nawaambia khasa ndugu zetu wanaojifakhiri kwa asili zao za mbali, wakamdharau Mkamba aliyesilimu jana. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa DNA ya mifupa ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya Waswahili kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Ilionekana kwamba tangu yapata mwaka 1000 watu hao walichanganya damu mbili: upande wa Asia, khasa Uajemi, uliingia zaidi kwa wanaume, na upande wa Afrika zaidi kwa wanawake. Maana yake, anayejitapa kwa baba wa ng'ambo amesahau nusu yake, na nusu hiyo ni mama wa bara hili hili.

Basi yatupasa nini? Kwanza, mume anayemwona mtoto wake tofauti na afunge mdomo wake mpaka aulize mjuzi, na wazee wasikubali kikao cha talaka kwa hoja ya sura. Pili, wanaooana na jamaa wa karibu wajue kwamba watoto wa ndugu wawili wana asili moja, na jeni iliyojificha hukutana na mwenziwe kwa wepesi zaidi. Sheria imeruhusu ndoa hiyo, haikuiamrisha. Wakamba walikataza tangu kale kuoana ndani ya mbai moja, nayo ni ada yenye faida. Na mwenye khabari ya selimundu katika ukoo wake apime damu kabla ya posa. Tatu, mtoto mwenye ualbino ahifadhiwe na jua la Ukambani, ambalo huitia ngozi yake vidonda na saratani: kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua. Macho yake ni dhaifu, basi mwalimu wa skuli na wa chuo amkalishe mbele na ampe maandishi makubwa, wala asimpige kwa kushindwa kusoma ubao wa mbali.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa kila mtoto haki ya kulelewa na baba na mama, wameoana au hawakuoana. Dini ilimpa haki hiyo zamani. Asiyekubali kwa hii wala kwa ile, na aende zizini kwake jioni mbuzi wanaporudi, awatazame rangi zao, kisha amrudishe mkewe nyumbani.